Barabara Niliyoibana

Barabara ya mtaa wetu ina upana wa mita sita pale inapoachana na lami. Inateremka hivyohivyo, inapita msikiti, inapita mashine ya kusaga, mpaka inafika kwangu. Kwangu, kwenye ramani, inabaki mita tatu na nusu. Ikishanipita haipanuki tena hadi korongoni, kwa sababu walio chini yangu hawakuona kwa nini watoe wao kile alichokataa kukitoa katibu.

Katibu huyo ni mimi. Sikusogeza bikoni za mpaka usiku, kama tunavyosikia kwa wengine. Niliibana barabara mchana kweupe, mkutanoni, nimevaa koti, na watu wakanipigia makofi.

Naandika kwa sababu mitaa mingi bado iko kwenye foleni ya kupimwa, na katika kila kamati hakosekani mtu mmoja anayejua kusema. Huenda mtaani kwenu mtu huyo ni wewe.

Tunaishi magharibi ya Dar es Salaam, kwenye vile vilima vya kichanga ambavyo masika ikikolea vinachimbika makorongo. Tulijenga kama ilivyojengwa sehemu kubwa ya jiji hili. Unamkuta mwenyeji mwenye shamba la mikorosho, mnapatana bei, mnakwenda serikali ya mtaa na mashahidi wenu, mnaandikishana, mwenyekiti anagonga muhuri, ofisi inakata asilimia yake, na wiki inayofuata lori linashusha mchanga. Mwenye shamba alikuwa akipima kwa hatua za miguu. Njia aliyotuachia ni ile aliyokuwa akipita mwenyewe kwenda kuchota maji, isipokuwa kipande cha juu tu, ambako zamani lilikuwa likiingia lori la kokoto. Kipande hicho ndicho kilichobaki kipana. Maji ya mvua yatapita wapi, hakuna aliyeuliza. Tulikuwa wapangaji tuliochoka kupanga, tukitafuta mahali pa kuweka msingi.

Si kwamba jiji halikujua kupanga. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi uliokuwa na mkopo wa Benki ya Dunia, barabara kwanza, nyumba baadaye. Na Manzese, ambako watu walikwisha kujenga, ikapelekewa barabara na huduma hukohuko waliko. Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000. Lakini watu walikuwa wanakuja kwa kasi kuliko viwanja. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa imeshakubali hali hiyo, ikaweka utaratibu wa kurasimisha makazi: badala ya kubomoa, wataalamu wanakaa na wakazi, unachorwa mchoro wa mipangomiji, viwanja vinapimwa, kila mtu anapata hati yake. Kupanga, kupima na kumilikisha, ndivyo wanavyosema wenyewe. Masikio yetu sisi yalikuwa kwenye kumilikisha. Hayo mawili ya mwanzo tuliyachukulia kama salamu za kumpa mtu kabla hujamweleza shida yako.

Tukachagua kamati. Nilipewa ukatibu kwa kuwa nina mwandiko mzuri na muda, nimestaafu. Kukusanya michango halikuwa jambo gumu kama watu wanavyodhani. Bei elekezi ilikuwa imeshashushwa hadi shilingi 150,000 kwa kiwanja, na mtu aliyekaa miaka na karatasi ya mauziano iliyolowa pembeni anajikamua akisikia neno hati. Kazi ilikuwa njia. Katika urasimishaji ardhi ya barabara haitoki serikalini. Inatoka kwenu. Huyu anaachia mita moja, yule mita mbili, mwingine anaachia choo, na kwa kawaida hakuna fidia, kwa hesabu kwamba barabara ikipita mbele ya kiwanja chako umeshalipwa.

Kampuni iliyokuwa ikifanya kazi ilimleta kijana mmoja wa mipangomiji, mpole, mwenye kompyuta mpakato iliyofungwa utepe kwenye bawaba. Alituwekea mchoro wa awali juu ya picha ya setilaiti. Mistari miwili myekundu ilianza kwenye lami, ikashuka kwa mita sita bila kubana popote, mtaro ubavuni, mpaka korongoni, na kule mwisho akaweka nafasi ya gari kugeuza. Kazi safi. Nilitafuta nyumba yangu kwenye picha, nikaiona kwa bati lake la bluu. Mstari ulikuwa umepita katikati ya fremu zangu.

Fremu zilikuwa mbili, nimezijenga mbele ya ukuta, zikitazama njia. Moja amepanga wakala wa pesa, ya pili ni saluni ya kike. Sikuwa na kibali cha kuzijenga wala cha kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kuwa biashara. Nilizisogeza njiani kadiri ilivyowezekana, kwa sababu mteja hakufuati ndani. Kodi ya fremu hizo ndiyo ilikuwa ikilipa ada ya binti yangu wa mwisho. Nayataja haya upate hesabu kamili. Si utetezi.

Mkutano wa kupitisha njia ulifanyika chini ya mwembe wa shule. Ili uelewe hali ya siku ile, kumbuka kilichotokea 2017, nyumba na maduka ya kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, yalipobomolewa ili kupisha hifadhi ya barabara. Baadhi yetu tulikuwa na ndugu pale. Tuliziona zile alama za X kwenye kuta kwa macho yetu. Mtaani kwetu ukitamka barabara, watu walikuwa wanasikia tingatinga. Hofu hiyo sikuipandikiza mimi. Niliikuta imeshakomaa, nikaivuna.

Chini kidogo ya kwangu anaishi mama mmoja mjane. Jiko lake la nje, la mabanzi na bati kuukuu, lilikuwa limeingia kwenye mstari kwa hatua moja hivi. Nilisimama nikazungumzia jiko hilo. Nikauliza: maendeleo gani haya yanayoanza kwa kumvunjia mjane jiko? Nani atamlipa? Atapika wapi akishavunjiwa, barabarani? Nikasema sisi hatupingi barabara, tunataka barabara yenye utu. Nilizungumza vizuri. Hata sasa nikikumbuka najiona nilizungumza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Fremu sikuzitaja hata mara moja.

Wala hakuna aliyezitaja. Usidhani niliwadanganya watu wajinga. Walikuwa wanazipita fremu zile kila asubuhi. Lakini kila mmoja alikuwa na fremu yake: mwenzangu ana baraza, yule ana banda la kuku, huyu ukuta ameujenga juzi na fundi hajamaliza kumlipa. Jiko la mjane lilitufaa sote.

Yule kijana alinyoosha mkono. Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na baba yake, "Mzee, gari la zimamoto peke yake lina upana wa kama mita mbili na nusu. Na linahitaji nafasi ya kukata kona."

Nikamjibu, "Kijana, tangu tuhamie hapa hatujawahi kuungua."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu, akasema sawa mzee, mtaa ni wenu. Kampuni ililipwa kwa kiwanja. Mgogoro wa njia kwao ni hasara. Kura ikapigwa, mistari ikasogezwa. Muhtasari wa mkutano niliuandika mimi, na kwenye sababu nikaandika "kuepusha madhara kwa wakazi wasiojiweza."

Kura ile ilikuwa na wengi. Kicheko kile nilikitafuta peke yangu.

Mchoro ukapita ngazi zake, upimaji ukafanyika, bikoni zikasimikwa, hati zikaanza kutoka. Kulikuwa na pilau. Wengine waliweka hati kwenye fremu za vioo, wakazitundika sebuleni kando ya picha za harusi.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo sikulielewa, na sidhani kama wengi wanalielewa kabla halijawapata. Kabla ya bikoni, ule wembamba ulikuwa mazoea tu. Ua ulikuwa wa michongoma au mabati, mwenyekiti akiamua kuita watu wanaitika, wanabishana, siku ya pili ua umesogea. Baada ya bikoni wembamba ukawa sheria. Na mtu akishakuwa na hati anapata ujasiri wa kujenga cha kudumu. Ndiyo faida yake mojawapo, benki nazo zinamkopesha. Haikuchukua muda michongoma ikang'olewa, zikapanda kuta za tofali za inchi sita pande zote mbili, mstari kwa mstari, juu ya bikoni kabisa. Kila mtu alijenga kwa haki. Tulikuwa tumechukua njia ya mtu mmoja kwenda kuchota maji, tukaipigia muhuri wa serikali.

Halafu likaja suala la kusimamia. Kamati ilitakiwa kusaidia ofisi ya mtaa kuhakikisha hakuna anayeingilia barabara iliyobaki. Jirani wa upande wa pili alipomwaga zege la ngazi za geti lake nje ya mpaka, nilitumwa nikamweleze. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza kwa upole tu, "Na hizo fremu, katibu, zina kibali?" Nikanywa soda yangu nikaondoka. Ngazi zipo mpaka leo.

Aliyeondolewa ni mama ntilie. Alikuwa na kibanda cha maturubai karibu na mashine, kwenye ardhi ya barabara kweli, hilo halina ubishi. Barua ya kumtaka aondoke niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu ule mzuri. Fremu zangu, zilizokuwa zimeibana barabara kuliko kibanda chake, hazikuguswa, kwa kuwa kwenye ramani zilikuwa ndani ya kiwanja changu. Ramani niliyosimamia mimi. Wakati ule niliona nimetekeleza wajibu.

Halmashauri ilipotangaza kwamba mtaa wetu umeingia kwenye orodha ya barabara za ndani zitakazowekewa zege na mitaro, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpokea mhandisi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye buti za mvua ingawa kulikuwa kukavu, na vijana wawili wa kuvuta tepu. Wakaanza juu. Msikitini, mita sita. Kwenye mashine, mita sita. Mhandisi alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

Walipofika kwangu, msusi wa saluni alikuwa kazini mlangoni. Mteja ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha njiani. Kijana wa tepu akamwambia, "Dada, samahani, kunja miguu kidogo nipime." Akaikunja. Kijana akabandika ncha ya tepu kwenye ukuta wa fremu, mwenzake akaivuta mpaka ukuta wa pili.

"Tatu na nusu."

"Pima tena," mhandisi akasema.

Akapima. Tatu na nusu. Mhandisi akainua kichwa sasa. Akatazama mchoro, akatazama ukuta, akatazama chini kuelekea korongoni. Kisha akaniuliza, na najua aliuliza kwa nia njema kabisa, "Hapa kulikuwa na nini, baba? Mwamba?"

Alidhani kuna mwamba. Alikuwa ametafuta kichwani mwake kitu ambacho kingemfanya mtaalamu mwenzake abane barabara ya mita sita katikati ya mteremko, akaona haiwezi kuwa kingine.

"Hakuna mwamba," nikasema.

"Sasa?"

"Wananchi waliamua."

Ndivyo nilivyojibu. Nilijua wakati maneno yanatoka kwamba nimejificha nyuma ya wananchi kama nilivyojificha nyuma ya jiko. Mteja wa saluni alikuwa ananitazama kutoka chini ya mikono ya msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

Mhandisi hakunilaumu. Alieleza tu, akionyesha kwa kalamu. Mtaro na kuta zake unakula karibu mita nzima. Kinachobaki hakitoshi mtambo kufanya kazi, wala gari kupita likikutana na mtu. Na tukisema tuache mtaro, maji ya kipande chote cha juu, ya mabati yote ya juu, yanashuka kwa upana wa mita sita halafu yanalazimika kupita kwenye tatu na nusu. Yanainuka na yanaongeza mbio. Akatembea hatua chache chini, akaonyesha ukuta wa nyumba ya yule mama mjane. Kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, usawa wa goti, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. "Haya ni maji yenu ya mwaka huu," akasema. "Haya hapa ya mwaka jana."

Mstari ule nilikuwa nauona kila siku. Nilikuwa najua mama anaingiliwa na maji, kila masika tunakwenda kumpa pole, na mimi nilikuwa naamini ni kwa sababu ya mteremko. Sikuwahi kuunganisha. Nilikuwa nimemtumia mama yule kujenga kile kinachomfurikia, na kila mwaka nakwenda na kilo mbili za sukari kumpa pole. Nililielewa lote kwa mara moja, nimesimama kwenye kichanga, kabla kijana hajamaliza kukunja tepu.

Naongeza na hili, maana ni la aibu ya namna yake. Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipofurika na watu wakahamishiwa Mabwepande, nilikuwa mmoja wa wale wanaosema kwenye daladala kwamba wamejitakia, nani aliwatuma kujenga bondeni. Korongo letu linaingia kwenye kijito, na kijito kinaingia Msimbazi. Sisi wa vilimani tunajenga, tunasakafia nyua, tunaziba njia za maji, halafu tunawashangaa waliopokea.

Nilikwenda kwa mama jioni ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza. Sikuzunguka sana, nilimwambia kwamba siku ya mkutano nilikuwa nazitetea fremu zangu, jiko lake lilikuwa kisingizio. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua.

"Lile jiko," akasema, "nililijenga kwa mabanzi kwa sababu nilijua ipo siku barabara itapita. Ningekuwa sitaki litoke ningejenga tofali." Akatupa kijiwe nje. "Hukuniuliza. Na mimi nilinyoosha mkono siku ile, nilikuwa nyuma kule na akina mama. Ukasema muda umekwisha."

Sikumbuki kumuona. Nakumbuka kusema muda umekwisha.

Gharama ya kuibana barabara ni hii. Zege na mtaro viliishia kwenye mashine ya kusaga. Kiasi kilichokuwa kimepangwa kutufikisha korongoni kilihamishiwa mtaa mwingine, nao hawakukosea kukipokea. Gari la maji taka halifiki chini yangu. Kwa hiyo mashimo ya vyoo yakijaa, wenye uwezo wanaita vijana wa kupakua kwa ndoo, na wasio na uwezo wanasubiri mvua kubwa watapishe, na kinachotoka kinapita kwa walio chini zaidi. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye bodaboda anabebwa kwenye kiti cha plastiki mpaka kwenye mashine. Mama amepanga viroba vya mchanga mlangoni. Kiwanja kilicho chini yangu kikiuzwa, mnunuzi anakuja, anatazama njia, anapunguza bei, na muuzaji anakubali. Kuungua, bado hatujaungua.

Nilikuja kwenda Hanna Nassif, kule Kinondoni, kwa sababu mhandisi aliitaja. Miaka ya 1990 wakazi wa pale walishiriki kwa mikono yao kujenga mitaro ya mvua na njia, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine. Bado kuna msongamano, nyumba zimebanana kama kwingine, na mitaro mingine imejaa taka kwa aibu ya wanaoishi hapo sasa. Lakini walianza na maji. Sisi tulianza na hati, na nadhani hapo ndipo tulipotofautiana nao hata kabla ya fremu zangu. Laiti tungetembea mtaa mzima mvua ikinyesha, kamati yote na yule kijana na kompyuta yake chini ya mwavuli, kabla ya kuchora mstari hata mmoja. Maji yangetuonyesha wapi panatakiwa upana, na mimi ningekosa la kusema.

Kijana huyo nilimtafuta kwa simu. Alikuwa mkoani, kwenye kazi nyingine. Nikamwambia alikuwa sahihi. Akasema, "Ah, mzee, ni kawaida," na nikagundua kwamba kwake ilikuwa kawaida kweli. Kila mtaa ulikuwa na jiko lake.

Fremu nilizivunja. Wakala alihamia karibu na mashine, saluni ikafungwa, ada ya muhula uliobaki nikaikopa. Ukuta nikausogeza ndani. Nilitegemea nini, sijui. Labda kwamba wengine wangeona na kufuata. Kilichotokea ni kwamba mbele ya nyumba yangu sasa kuna nafasi pana isiyoelekea popote, bodaboda wameifanya kijiwe, na kijana wa chipsi ameleta kabati lake. Mtendaji wa mtaa amekuja kuniuliza nimempa ruhusa kwa kibali gani. Kwenye ramani ile ardhi bado ni yangu, na kila mwaka natozwa kodi ya pango la ardhi kwa kiwanja kizima, nayo ikiwemo.

Ili irudi kuwa barabara, mchoro lazima urekebishwe, na ili urekebishwe, wenye viwanja pande zote mbili waridhie, wapimiwe upya, hati zirudishwe zibadilishwe. Ukatibu niliuacha, lakini fomu natembeza mimi. Mama mjane alisaini wa kwanza. Wachache wamefuata, hasa wanaokaa chini kabisa, ambao hawana cha kupoteza zaidi ya walichokwisha kupoteza.

Yule wa ngazi za zege hajasaini. Baada ya kupata hati alikopa benki, akaongeza sebule mpaka kwenye bikoni, madirisha ya alumini, vigae mpaka nje. Nilimkuta amekaa hapo na wanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, fomu akaisoma yote, akanirudishia.

"Katibu," akasema, "mimi nimejenga ndani ya mpaka wangu. Hii sebule bado ina deni. Nani atanilipa?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia kwamba hoja hiyo naijua, nimeshaitumia. Ila mimi niliitumia kwa jiko la mtu. Yeye alikuwa anaitetea sebule yake mwenyewe, na fremu hana.